Mama Amekunywa Uji

Vijana wa hapa Lushoto mjini wananiambia redio imekufa yenyewe. Eti ni zama, eti simu imekuja na kila mtu ana nyimbo zake mfukoni. Wananiambia hivyo wakiwa wamenipa kiti na chai, kwa heshima zote, "shikamoo mzee wa hewani," halafu wananieleza mimi jinsi kazi yangu ilivyokufa. Nikinyamaza ni kwa sababu ya chai. Redio yetu haikufa yenyewe. Ilichinjwa, na wakati inachinjwa kuna watu walioishika miguu, na mmoja wao ni mimi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kwa hiyo anayetaka simulizi tamu za mtangazaji wa zamani anayezililia santuri zake, akatafute kwingine. Mimi nina hasira.

Nilikaa kwenye ile studio miaka kumi na saba. Kipindi changu kilikuwa cha asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu na mbolea, kutani tumebandika trei za mayai ili sauti isirudi, dirisha moja linatazama barabara inayoteremkia Soni. Nilikuwa DJ, nilikuwa mtangazaji, nilikuwa mpokea simu, na fundi mitambo akichelewa nilikuwa fundi. Nyimbo nilizichagua mwenyewe, asubuhi hiyohiyo, kwa kuchungulia dirishani. Ukungu ukiwa mzito napiga dansi ya zamani, ile ya magitaa yasiyo na haraka, maana najua watu bado wamejikunyata jikoni. Jua likichomoza naongeza kasi. Siku ya soko, akina mama wamekaa juu ya magunia ya karoti na kabichi wakingoja magari ya Mombo, nawawekea taarabu, na wao kule chini wananipungia mkono bila kuniona. Ijumaa kaswida, Jumapili kwaya za Walutheri. Hakuna aliyenipa orodha. Ebo! Orodha ya nini? Nyimbo anachagua mtu aliyeamka pamoja na wanaomsikiliza.

Na kadi za salamu je? Msikilizaji anajaza kadi yake, anaandika majina kumi na tano ya watu anaotaka wasalimiwe, mwisho anaandika ujumbe, na ole wako uruke jina moja. Nilishawahi kumruka shemeji ya mtu, na yule mtu akapanda kutoka Mazinde kuja kuniuliza nina ugomvi gani na shemeji yake. Nilimwomba radhi hewani. Kilugha redioni hakiruhusiwi, sheria naijua, lakini "onga maundo" ilikuwa inaniponyoka kila siku alfajiri, na sijapata kumsikia Mshambaa aliyelalamika kwamba amesalimiwa kwa lugha ya mama yake.

Lakini kazi yenyewe hasa, ile iliyonifanya nijione nina faida chini ya jua, ilikuwa matangazo ya vifo. Milima hii imekaa vibaya kwa habari. Mtu anafia Bumbuli, ndugu zake wako Mlalo, wengine Mazinde, wengine Muheza, kila mmoja nyuma ya mlima wake. Na sisi Waislamu hatumlazi maiti bila sababu; aliyefariki alfajiri, alasiri tayari tumemsitiri. Basi mfiwa alikuja mbio studioni na karatasi aliyoichana kwenye daftari la shule, matope mpaka magotini, anahema. Na mimi nilikuwa na namna yangu. Wimbo wowote ulio hewani niliushusha katikati, taratibu, kwa kidole, mpaka ukaisha wote. Halafu nanyamaza. Nahesabu moja mpaka tano moyoni. Bosi wangu wa kwanza alinigombeza sana, kwamba hewa tupu ni aibu ya redio. Nikamwambia bosi, nenda siku moja kasimame sokoni uone. Akaenda. Akaona muziki ukishuka namna ile muuza viazi anaacha kupima, fundi cherehani anaondoa mguu, mwenye kikombe anakiweka chini. Kabla sijafungua mdomo watu wote wameshakaa kimya. Hakunigombeza tena. "Habari ziwafikie," naanza, na jina nalisoma mara tatu, kijiji mara tatu, saa ya mazishi mara tatu.

Mama yangu naye aliingia kwenye kipindi bila kuombwa ruhusa. Baada ya taarifa ya habari ya saa moja nilikuwa nasema, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Halafu naeleza habari yake kwa sentensi moja. Mama leo anapalilia maharage. Mama kanuna, mbuzi wa jirani kala mchicha wake. Mama kaniambia ninenepe. Watu walipenda mno. Yeye alijidai kukasirika. "Unanianika duniani," alikuwa ananiambia, lakini siku nilipougua mafua mwenzangu akashika kipindi bila kumsalimia, alinuna mpaka jioni.

Katika tumbo lao walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na kaka yake. Huyo mjomba wangu anaishi bondeni chini ya Mgwashi, mahali ambapo simu haishiki mpaka upande juu kwenye mibuni. Simu anayo, ya kubonyeza, lakini anaizima chaji isiishe. Redio ndiyo anayoiamini. Betri zake anazianika juani juu ya bati ili zipate nguvu, na kwa kuzihurumia anasikiliza kipindi kimoja tu kwa siku, changu, kisha anazima na kwenda shamba.

Mama alipoanza kuumwa kifua, mjomba alikuja kumwona. Kutoka kwake mpaka kijijini kwetu, kule kati ya Soni na Bumbuli, ni mwendo wa saa nne kwa njia za mkato. Siku hiyo mama alimwambia mbele yangu, akiwa amekaa kitandani anakunja ncha ya kanga, "Kaka, nikiondoka uniingize wewe. Usiwaachie watoto hawa, wana haraka." Maana yake amshushe kaburini kwa mikono yake. Mjomba akasema, "Nitakuingiza mimi." Akanigeukia. "Mimi nakusikiliza wewe kila siku. Ukisema mama yuko vizuri, ninalima. Ukikata muziki, ninakuja." Nikamwambia sawa, mjomba. Makubaliano yetu yakawa hayo, na hakuna aliyeandika popote.

Sasa nije kwenye ile mashine.

Redio ilipata mwenye mali mpya, mtu wa Dar es Salaam ambaye sijapata kumwona sura. Akatuletea meneja, kijana msomi, mpole, wa "kaka yangu" kila sentensi. Meneja akaja na kompyuta. Watangazaji tulikuwa saba. Mwaka haujaisha tukabaki wawili, halafu nikabaki mimi peke yangu, kwa sababu wenye maduka walikuwa bado wanataka matangazo yao yasomwe na mimi. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka usiku redio yetu ikawa inaongea kutoka Dar. Binti mmoja anacheka huko aliko, anawaambia wakulima wa Bumbuli kwamba leo foleni ni kubwa, watafute njia mbadala. Foleni! Watu wamebeba viazi kichwani wanateremka kwa miguu, unawaambia habari za foleni! Kadi za salamu zikaendelea kuja, zikajaa kwenye boksi la sabuni chini ya meza, mpaka siku moja nikakuta boksi limetolewa nje. Nilipiga kelele kwenye vikao mpaka meneja akaacha kuniita vikaoni. Lakini sikuondoka. Nilijiambia nikiondoka nani atawasomea wafiwa karatasi zao. Ndivyo nilivyojiambia, na labda nilikuwa pia napenda sauti yangu.

Mama akazidiwa, wakati wa masika. Hasira zangu hapa sijui nizielekeze wapi, kwa sababu meneja alikuja kwangu kwa wema. Akasema, "Kaka yangu, mama ni mmoja. Njoo Jumapili, rekodi maneno yako ya wiki nzima, mashine itayapanga katikati ya nyimbo. Kaa na mama." Niliyekuwa naitukana ile mashine kila siku, nikaishukuru. Wallahi niliishukuru. Jumapili mchana, jua linawaka, nikaingia studio na meneja pembeni. Nikarekodi asubuhi sita kwa saa mbili. Nikasema, "Nikichungulia hapa dirishani ukungu umeshuka mpaka barabarani." Nje mawe yalikuwa yanachoma. Nikacheka vicheko sita tofauti.

Nilipofika kwenye salamu ya mama nikasita. Meneja akasema, "Usiiache, wasikilizaji wanauliza sana hali yake. Weka kitu cha kutia moyo." Nikamwambia tuwaambie watu kwamba kipindi cha wiki hii kimerekodiwa. Akasema wakijua watazima. Mimi nikanyamaza, na niliponyamaza ndipo nilipowauza wasikilizaji wangu. Nikasogelea maiki. "Shikamoo mama, umeamkaje? Mama yangu leo ameamka vizuri, amekunywa uji kikombe kizima." Nikasema hivyo mara sita, kila siku nikibadilisha kidogo. Nilijidanganya kwamba ni dua.

Jumatatu tukanisikia nyumbani, kutoka redio ya jirani. Mama alikuwa amelala ubavu, hata maji tulikuwa tunamdondoshea kwa kijiko. Alisikiliza, akatabasamu upande mmoja. "Uji gani nimekunywa mimi? Mwongo wewe." Tukacheka wote, mimi na yeye na dada yangu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitilia maanani. "Kaka anakusikia huyo." Nikamjibu nitarekebisha. Jumanne akanikumbusha. Nikamjibu tena nitampigia meneja. Sikumpigia. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa namgeuza mama, nilikuwa na sababu mia, na hakuna hata moja inayonisaidia leo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu huyo nimemlea mwenyewe.

Jumatano, azana ya alfajiri ikiwa imekwisha lakini watu hawajatoka msikitini, mama akafariki. Alivuta pumzi moja ndefu, akaishusha, hakuvuta nyingine. Dada yangu akamfunga kidevu kwa kitambaa. Mdogo wangu wa kiume akaenda kuwaambia wazee wa msikiti. Mimi nikachukua karatasi, nikaandika tangazo kwa mkono wangu, kama nilivyowaona wengine wakiandika miaka kumi na saba. Marehemu ni dada wa fulani wa Mgwashi. Habari zimfikie. Mazishi leo alasiri. Jirani yetu mmoja mwenye pikipiki tukamtuma moja kwa moja Mgwashi, na mwingine akanipakia kwenda Lushoto. Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi. Yule wa Mgwashi baadaye alirudi, udongo umeporomoka mbele ya Bumbuli, barabara hakuna. Simu za watu wa Mgwashi zote hazipatikani. Lakini mimi sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi wa nini? Sauti yangu inaruka juu ya matope. Saa moja nitakata muziki, mjomba atasikia, atapita njia za mkato, saa sita au saa saba yuko kwetu.

Nilifika studio taarifa ya habari ya saa moja inaisha. Kufuli kubwa mlangoni. Mlinzi, mtu mzima tunayefahamiana miaka mingi, amekaa kibandani na redio yake ndogo mapajani. Akaniona, akasimama, uso umemchangamka. Kutoka kwenye ile redio, sasa iko mkononi mwake, mimi nikasema, "Shikamoo mama, umeamkaje? Mama yangu leo ameamka vizuri, amekunywa uji kikombe kizima." Nikacheka.

"Alhamdulillahi," mlinzi akaniambia. "Afadhali kaanza kula."

Nikampa karatasi. Akaisoma, akakaa chini.

Ufunguo aliokuwa akinifungulia nao kila asubuhi hana tena. Ufunguo anao meneja, na meneja yuko Tanga kwenye semina. Nikampigia. Akapokea kwa usingizi, akanipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, sitamsingizia. "Nitumie kwenye WhatsApp, kaka yangu, niwasukumie wenzetu wa Dar. Matangazo ya vifo siku hizi yanaingia kwenye ratiba ya saa kumi na mbili jioni." Nikamwambia saa kumi na mbili jioni atakuwa ameshazikwa. Akasema anaelewa. Nikamwambia kama unaelewa kata wimbo sasa hivi, nisome mistari mitano. "Mfumo hauruhusu kukata, kaka." Mfumo! Nikamwambia basi nitolee ile sauti yangu, iondoe, usiweke kitu chochote, acha kimya. Unajua alinijibu nini? "Tukiitoa itabaki hewa tupu."

Niliokota jiwe. Mlinzi akanipa mgongo, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia. Kufuli lilikuwa imara kuliko mlango. Misumari ya komeo ndiyo iliyong'oka. Ndani kumefunikwa shuka la plastiki. Maiki yangu haipo, imebaki shingo yake ya chuma imeinama mezani. Kompyuta inawaka, na kwenye kioo kuna mistari ya kijani inapanda na kushuka. Nikiongea kule hewani, inapanda. Nikabonyeza kila kitu, ikaniomba neno la siri. Nikaandika jina la redio, ikakataa. Nikaandika jina la wilaya, ikakataa. Nikaitukana matusi ambayo mama hakunifundisha. Halafu nikafanya ninachokijua, nikashika waya ukutani nikauchomoa. Kioo kikazima, mistari ikapotea. Nikasimama nikihesabu moja, mbili, tatu, nikingoja kimya.

Nje, kwenye redio ya mlinzi, nilikuwa naendelea kuongea. Nilikuwa nawakaribisha watu kwenye wimbo unaofuata. Hakuna kitu kilichokuwa kinatoka Lushoto tena. Vyote vilikuwa vinatoka Dar, sauti yangu pia, na mimi mfanyakazi wao wa miaka kumi na saba hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikupiga simu huko Dar. Nilipiga. Namba iliyobandikwa ukutani iliniambia nibonyeze moja kwa ajili ya matangazo ya biashara.

Tulimngoja mjomba, labda habari imemfikia kwa mdomo. Mama akaoshwa, akakafiniwa, adhuhuri ikapita. Shehe wetu ni mtu wa huruma, lakini naye ana mipaka yake. Akasema tungoje mpaka baada ya sala ya alasiri, zaidi ya hapo tunamtesa maiti. Nilisimama kwenye kona ya njia inayotokea mashamba ya upande wa Mgwashi. Kila aliyechomoza nilimwona ni yeye. Alikuja mwalimu wa madrasa, akaja mwanamke mwenye kuni, wakaja Walutheri wa kijiji cha pili, wanaume kwa wanawake, kutusaidia na kutupa pole. Mjomba hakuja. Jeneza likainuliwa. Kaburini nikashuka mimi na mdogo wangu na binamu yetu mmoja. Tulipompokea nilimshika upande wa kichwa, alikuwa mwepesi mno, na mikono yangu ilikuwa inafanya haraka, ndiyo haraka ileile aliyoikataa. Mtu juu akaniambia taratibu, taratibu. Nikamlaza, nikamgeuza uso.

Alhamisi asubuhi, watu wamekaa mkekani kwetu, redio ya jirani ikasema mama amekunywa uji. Jirani akakimbia kuizima. Bibi mmoja aliyekuwa anatwanga alisimama na mchi hewani, akanitazama, na mimi nikatazama chini. Nikampigia meneja tena. Akaniambia kwa upole wake ule kwamba wiki imeshapangwa, Jumamosi itaisha yenyewe. Tangazo la mama lilikuwa limesomwa jana yake jioni, na yule binti wa foleni, kati ya tangazo la mkopo na tangazo la sabuni, mara moja, bila kutulia. Mjomba jioni hafungui redio.

Barua ya kuacha kazi niliandika baadaye. Naisema hapa niimalize, maana sitaki iingilie yanayofuata. Wao waliniwahi na barua ya onyo kwa kuvunja mlango wa ofisi. Niliichana mbele ya meneja, akalengwa na machozi, nikamwambia asinililie mimi. Nikamwomba kitu kimoja tu, vile vipande vya sauti yangu wavifute. Akasema kwa mujibu wa mkataba si vyangu. Mkataba niliusaini mwenyewe, bila kuusoma.

Ijumaa, kabla watu hawajaondoka kwenda msikitini, nikasikia hodi nyuma ya nyumba, kwenye njia ya mashamba. Hodi ya sauti kubwa, yenye furaha. Mjomba. Amevaa mabuti ya mpira, suruali imelowa mpaka mapajani, kwapani kashika kichupa cha asali ya nyuki wadogo, ile ya kifua. Watu wa upande wake niliowaagiza kule sokoni wampelekee habari walipishana naye, wao barabarani, yeye porini.

"Hodi wenyewe! Mgonjwa yuko wapi?"

Nikainuka. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona watu wengi hivi?"

Aliuliza huku macho yanazunguka. Aliona mikeka. Aliona sufuria kubwa za kuazima. Alimwona dada yangu amejifunika kanga usoni. Nikamshika mkono bila kuuachia.

"Leo asubuhi umesema amekunywa uji," mjomba akaniambia.

"Ndiyo, mjomba."

"Kikombe kizima."

"Ndiyo."

"Jana umesema. Juzi umesema. Nikasema basi, dada yangu kapona, acha nimalize viazi ndiyo nimpelekee asali."

"Ilirekodiwa, mjomba. Nilirekodi Jumapili."

Watu wanadhani mzee wa bondeni haelewi mambo ya mitambo. Alielewa kabla sijamaliza sentensi. Alinitazama usoni, bila hasira, na afadhali angenipiga.

"Yaani Jumapili ulishajua Ijumaa atakunywa uji?"

Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu. Mle uani walikuwa watu kama thelathini wanatutazama.

"Amekufa lini?"

"Jumatano alfajiri."

"Kamwingiza nani?"

"Mimi."

Akampa dada yangu kile kichupa, akamwambia wapewe watoto wenye kikohozi. Akaniomba maji ya kutawadha. Nilimpeleka kaburini, tukasimama, akasoma, alipomaliza akainama akapanga vizuri mawe mawili ya upande wa kichwa ambayo mimi niliyaweka vibaya. Alifanya polepole. Nikataka kumweleza kila kitu, meneja, kufuli, waya, Dar, ile hewa tupu. Nikaanza, "Mjomba, ile mashine..."

"Mimi sikuwa naisikiliza mashine," akasema. "Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Hakulala kwetu. Baada ya sala alivaa mabuti yake, akakataa pikipiki, akakataa hata nimsindikize zaidi ya kona. Hapo konani akanipa mkono, maana ni mtu wa heshima na mimi ni mtoto wa dada yake, hawezi kuninyima mkono.

"Kuanzia leo," akaniambia, "ukiwa na neno na mimi, uje kwa miguu."